Maiti, Mahaba na Majini: Jinsi ya Kuwasikiliza Wasomaji wa Mswada Wako

Mwaka 1928 mwandishi Mmarekani aliyejiita S. S. Van Dine alichapisha kanuni 20 za hadithi ya upelelezi. Kanuni ya tatu iliyafukuza mapenzi. Mwaka uliofuata Ronald Knox, padri Mkatoliki wa Uingereza ambaye naye alitunga riwaya za upelelezi, akatoa kanuni zake 10, na ya pili ikafukuza mizimu, miujiza na kila kinachopita maumbile. Kwa hiyo wewe uliyetunga riwaya fupi ambamo nahodha ameuawa, kivuli chake kinarandaranda peke yake na mpelelezi anampenda mshukiwa, umewakosea wazee wote wawili kabla sura ya pili haijaisha.

Usijali sana. Dorothy L. Sayers alikuwa na mashaka makubwa na mapenzi ndani ya upelelezi, kisha akaandika Gaudy Night (1935), ambamo swali la nani anasambaza barua chafu chuoni na swali la kama Harriet Vane atakubali kuolewa yamesukwa hadi hayatenganishiki. Kitabu kilichofuata, Busman's Honeymoon (1937), alikipa kichwa kidogo kinachokiri wazi kwamba hiyo ni hadithi ya mapenzi inayokatizwa na upelelezi. Lakini kanuni za akina Van Dine hazikutoka hewani. Ni manung'uniko ya wasomaji yaliyovalishwa joho la sheria: yule aliyekuja kufumbua fumbo akakuta kurasa kumi za kushikana mikono, na yule aliyejikusanyia ushahidi kwa subira, kisha jini likaibuka na kumtaja muuaji. Manung'uniko hayohayo yanakusubiri. Afadhali uyapate sasa, mswada ukiwa bado mezani kwako, na ujue namna ya kuyasoma.

Ili tuelewane, tuchukue mswada mmoja wa kubuni. Tuseme una maneno 30,000, katikati ya kile ambacho tuzo za Hugo na Nebula hukihesabu kuwa riwaya fupi, yaani kuanzia maneno 17,500 hadi chini ya 40,000. Mji ni wa bandari, haupo kwenye ramani yoyote. Huko kila marehemu huacha kivuli chake duniani kwa siku tatu. Kivuli hakisemi wala hakisikii. Hurudia tu mwendo wa mwisho wa mwenyewe, tena na tena, mpaka kififie. Nahodha Haruni amekutwa amechomwa kisu usiku uleule aliorudi safari. Washukiwa ni watano: mkewe Zuhura, mdogo wake Idi, mshirika wake wa biashara Bakari, Mzee Faki anayesoma vivuli kwa malipo, na Salimu, fundi saa ambaye hakuwa akisalimiana na nahodha kwa miaka. Mpelelezi, Mwanaidi, anampenda Salimu. Kivuli kinainua mikono yote miwili, na mji mzima unaamini marehemu alikuwa akijikinga. Kumbe alikuwa akimpokea mtu kifuani. Salimu asingekumbatiwa na mtu asiyempa hata salamu. Aliyepokelewa ni mdogo mtu.

Fumbo, uchawi na mahaba vyote vimening'inia kwenye ile mikono miwili. Je, msomaji ataiona hivyo?

Nani asome, na lini

Hadithi yenye muuaji aliyefichwa ina tabia moja inayoitofautisha na hadithi nyingine: msomaji wake hutumika mara moja. Akishajua kuwa ni Idi, hawezi kurudi kuwa mtu asiyejua, hata umpe rasimu mpya iliyoandikwa upya kuanzia neno la kwanza. Ndiyo maana kugawa mswada kwa marafiki wote kwa mpigo ni ubadhirifu. Ukipata watu sita walio tayari, wape watatu tu. Wengine watatu waweke akiba kwa ajili ya rasimu itakayofuata, na uwaombe wale wa kwanza wasipige soga nao.

Wachague kwa yale wanayoyasoma wenyewe bila kuombwa. Mmoja awe amekulia kwenye vitabu vya wapelelezi Bwana Msa na Willy Gamba, anayefungua ukurasa akimtafuta mwongo. Mmoja awe mpenzi wa riwaya za mahaba, aliyezisoma nyingi kiasi cha kuujua uongo wa moyoni ukiwa mbali. Wa tatu awe mtu wa falme za kubuni na majini, atakayekuuliza kwa nini kivuli kinadumu siku tatu wala si nne. Usiwachague kwa ukarimu wao. Mume, mke au mchumba wako mwache nje kabisa, maana atayasoma mahaba yako akijitafuta mwenyewe, na asipojiona humo mtakuwa na kikao kingine ambacho hakihusu fasihi. Vilevile mwanafunzi wako, na mtu yeyote unayemdai au anayekudai.

Unapokabidhi mswada, sema maneno machache na uwaambie wote yaleyale. Ukimwambia mmoja kuwa ni hadithi ya mapenzi na mwingine kuwa ni ya upelelezi, umewapa vitabu viwili tofauti. Wa kwanza atalalamika maiti ni nyingi, wa pili atalalamika kuhusu busu. Njia iliyo salama ni kuandika yale maelezo ya jalada la nyuma, sentensi nne au tano, na kuwapa hayo peke yake. Kwa kufanya hivyo utakuwa unajaribu pia ahadi yako. Mara nyingi mswada hauna tatizo. Jalada ndilo limeahidi kitu ambacho ndani hakimo.

Jambo moja la kiutendaji: wengi watasoma kwenye simu. Usiwatumie sura moja moja kila siku kama hadithi za mfululizo za magazetini, isipokuwa kama ndivyo unavyokusudia kuichapisha. Anayesubiri sura kwa siku mbili husahau kwamba kwenye sura ya tatu Idi alikuwa na vumbi la chokaa begani, halafu anakuja kukulaumu kwamba hukumpa dokezo. Tuma faili zima, au chapa nakala kwenye karatasi kama mfuko unaruhusu. Karatasi ina faida kwamba mtu huandika pembeni bila kufikiri mara mbili.

Uliza kilichotokea, uache kuuliza uzuri

Sisi ni watu wa adabu. Ukimuuliza mtu, "Umeionaje?" atakujibu, "Nzuri sana, hongera, Mungu akuzidishie." Hapo hakuna uongo, amejibu swali la heshima kwa jibu la heshima, na wewe hukupata chochote. Mtu mzima zaidi yako atakuficha ili asikuvunje moyo, na mdogo wako atakuficha ili asionekane mjuaji. Dawa yake ni kumwondolea kabisa kazi ya kuhukumu. Mchukulie kama shahidi: aliona nini, alikuwa wapi, saa ngapi. Hukumu utaitoa mwenyewe baadaye.

Gawa mswada kwa vituo vinne. Kwa maneno 30,000, vituo baada ya kila maneno kama 7,000 vinafaa, ila cha mwisho kikae mlangoni mwa ufichuzi, mahali ambapo Mwanaidi anasema, "Nimejua," na bado hajasema amejua nini. Desturi hii ni ya zamani. Ellery Queen, jina la kalamu la binamu wawili wa New York, Frederic Dannay na Manfred B. Lee, tangu riwaya yao ya kwanza ya mwaka 1929 walikuwa wakiisimamisha hadithi karibu na mwisho na kumwambia msomaji kuwa sasa ana ushahidi wote, ajaribu. Wewe huhitaji kuliacha tangazo hilo kwenye kitabu. Liweke kwenye nakala ya majaribio tu.

Kwenye kila kituo msomaji ajibu mambo manne, kwa ufupi, kabla ya kufungua ukurasa unaofuata. Unamshuku nani sasa hivi, na ni kitu gani kilichokufanya umshuku? Unataka nini kitokee kati ya Mwanaidi na Salimu? Nieleze kwa maneno yako mwenyewe kivuli kinaweza kufanya nini na hakiwezi kufanya nini. Na la mwisho: tangu kituo kilichopita, ni wapi uliweka kitabu chini ukafanya shughuli nyingine?

Swali la tatu ndilo waandishi wengi hulisahau, nami naliona kuwa mama wa yote. Usimuulize kama ameuelewa uchawi wako, kwa sababu atasema ndiyo. Mwache akueleze. Akisema kivuli "kinaonyesha jinsi mtu alivyokufa", tayari ana sheria tofauti na yako: yako inasema kinarudia mwendo wa mwisho wa marehemu mwenyewe, na tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoficha kumbatio. Katika mswada huu kasoro hiyo ukiiacha, mwisho wote utaonekana ni hila.

Waombe wajibu kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Maandishi hupigwa pasi. Kwenye sauti utamsikia mtu akisema "Namshuku... aa, Bakari," na kule kusita kabla ya Bakari kuna habari kuliko Bakari mwenyewe. Utasikia kicheko mahali ambapo hukukusudia. Utasikia pia uchovu, ambao hakuna adabu inayoweza kuufunika.

Na wewe usijibu. Hata kidogo. Msomaji akikuuliza, "Kwani Zuhura hakusikia mlango?" mwambie asante na uandike swali. Ukimweleza kwamba Zuhura alikuwa juu darini, umeshamsaidia kusoma, na vituo vilivyobaki havikupi tena picha ya msomaji wa dukani, ambaye hatakuwa na namba yako ya simu.

Wanaposema hivi, walikuwa wapi?

"Nilimjua muuaji mapema." Hili ndilo litakalokuuma kuliko yote, nalo mara nyingi halina uzito. Fanya hesabu kwanza. Washukiwa ni watano. Anayebahatisha ana nafasi moja kati ya tano. Wasomaji watatu wakibahatisha kila mmoja kivyake, uwezekano wa angalau mmoja kumpata Idi ni karibu nusu kwa nusu. Kwa hiyo mmoja kati ya watatu kumjua si dalili ya chochote. Watatu wote wakimjua, na wote kwenye kituo kilekile, hapo irudie sura hiyo mstari kwa mstari.

Kisha angalia sababu waliyotoa. Kuna anayemjua kwa dokezo: aliona lile vumbi la chokaa, akakumbuka ukuta uliopakwa chokaa usiku wa mauaji. Mpongeze, ndiye uliyemwandikia. Kuna anayemjua kwa mazoea ya kusoma, na huyu ndiye wa kutilia maanani. Atakwambia, "Idi hana kazi yoyote kwenye hadithi, kwa hiyo lazima awe yeye." Riwaya ndefu ina nafasi ya kuwaficha watu kwenye umati. Riwaya fupi haina. Kila mtu aliyetajwa kwa jina anadaiwa sababu ya kuwepo, na asiyeilipa deni hilo hushukiwa. Tiba yake si kuongeza washukiwa watatu wengine kwenye maneno 30,000, hata kama wazo hilo linavutia. Mpe Idi kazi ya wazi: ndiye anayepokea wageni wa matanga, ndiye anayembebea Mwanaidi taa, ndiye anayemtetea Salimu mbele ya watu. Mtu mwenye shughuli haonekani.

"Kwa nini hawakukiuliza kivuli tu?" Ukisikia hili, mshukuru Mungu kwamba limesemwa sasa. Kila hadithi ya mauaji iliyomo katika ulimwengu wenye uchawi inakabiliwa na swali hilo: kama mambo haya yanawezekana, kwa nini upelelezi uwepo? Randall Garrett alilijibu vizuri katika visa vya Lord Darcy, ikiwemo riwaya ya Too Many Magicians iliyoanza kutoka jaridani mwaka 1966. Kwake uchawi ni taaluma yenye sheria, na mchawi wa serikali hufanya kazi kama daktari wa maiti: huleta ushahidi, na akili ya mpelelezi ndiyo inayoutafsiri. Miaka mingi baadaye, mwaka 2007, Brandon Sanderson aliiweka kama kanuni kwamba uwezo wa mwandishi kutatua tatizo kwa uchawi hutegemea kiasi ambacho msomaji ameuelewa uchawi huo. Kwa mswada wetu maana yake ni kwamba mipaka ya kivuli itangulie kuonekana kwenye tukio lisilohusiana na mauaji. Mwanzoni kabisa, mpishi wa jirani afe kwa maradhi, na kivuli chake kionekane kikikoroga chungu kisichokuwepo. Watoto wakiulize na kisijibu. Kurasa mbili zinatosha. Msomaji amejifunza sheria bila kufundishwa, na kwenye kituo cha kwanza atakueleza barabara.

"Ametudanganya." Agatha Christie alishutumiwa hivyo baada ya The Murder of Roger Ackroyd (1926), na watu bado wanabishana. Lawama hii usiipuuze wala usiitii mara moja. Chukua kalamu, tafuta kila kitu ambacho Mwanaidi alikitumia kufikia jibu, kisha onyesha ukurasa ambao msomaji alikiona kabla yake. Vikiwepo vyote, hukudanganya. Pengine ulivificha mno, na sentensi moja ikihamishwa kutoka katikati ya aya hadi mwisho wake itaonekana. Kimoja kikikosekana, msomaji ana haki. Kuna mfano wa kale wa udanganyifu wa aina nyingine. Katika Alfu Lela Ulela kimo kisa cha tufaha tatu: maiti ya mwanamke inaopolewa mtoni Tigris ikiwa ndani ya sanduku, na Harun al-Rashid anampa waziri wake Jaafar siku tatu amlete muuaji. Jaafar hapelelezi chochote. Anakaa nyumbani akisubiri kifo chake, na muuaji anakuja kukiri mwenyewe. Kisa hicho kinavutia kwa sababu zake nyingine, hasa wivu uliomo ndani yake, lakini mpe msomaji wa leo wa upelelezi uone atakavyokuwa. Kama Idi wako anaungama kwa sababu tu majuto yamemzidi kwenye sura ya mwisho, neno "ametudanganya" lilikuwa linamaanisha hilo.

"Nilijua mwishoni tutaambiwa kivuli ni kiini macho." Mwitikio huu ni wetu zaidi, na nauona muhimu kuliko unavyodhaniwa. Msomaji wa Kiswahili amelelewa na Muhammed Said Abdulla. Mzimu wa Watu wa Kale, iliyotoka mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau, na Kisima cha Giningi (1968) zina majina yanayotisha, lakini Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, hutafuta mkono wa binadamu nyuma ya kila kinachosemwa kuwa ni cha mizimu. Arthur Conan Doyle alifanya hivyohivyo kwa mbwa wa Baskerville. Msomaji aliyezoea hayo atakisubiri kivuli chako kivuliwe nguo. Atatumia kituo cha kwanza hadi cha tatu akitafuta uzi, kioo na taa iliyofichwa, na fumbo lako halisi hataliona kabisa.

Kwa upande mwingine yupo msomaji ambaye kwake majini si fantasia. Ni majirani. Huyu hatashangazwa na kivuli kinachotembea. Atashangazwa kwamba hakuna aliyeita mwalimu wa kusoma dua. Wote wawili wanataka kitu kimoja: uwaambie mapema wako wapi. P. Djèlí Clark, katika kisa chake cha A Dead Djinn in Cairo (2016), alilimaliza hilo kwa njia rahisi mno: Cairo ya mwaka 1912, na maiti yenyewe ni ya jini. Hakuna anayebaki akijiuliza kama majini yapo.

"Mapenzi yamenichosha." Kabla ya kukata kurasa za mahaba, tazama majibu ya swali la nne, walipoweka kitabu chini. Ukikuta waliacha kwenye onyesho la Mwanaidi na Salimu gengeni, jiulize: kabla ya onyesho hilo tulimshuku Salimu kiasi gani, na baada yake je? Kama shaka haikupanda wala kushuka, msomaji wa fumbo amesimamishwa njiani, na hata msomaji wa mahaba amenyimwa hofu inayofanya mapenzi haya yawe tofauti na ya kitabu kingine. Mwache Salimu, akiwa anacheka, ataje jambo ambalo hakupaswa kulijua. Mwanaidi alisikie na acheke pia. Huna haja ya kufupisha chochote.

Lalamiko linalofanana na hilo ni "wamependana ghafla". Hapo kosa ni la kweli na huwa kwenye mwanzo. Siku tatu za kivuli hazitoshi watu wageni kupendana mpaka mmoja ahatarishe kazi yake. Wape historia: posa iliyokataliwa, saa ya marehemu baba yake Mwanaidi ambayo Salimu ameitengeneza mara nne na kukataa malipo.

Halafu kuna malalamiko ya adabu, ambayo mwandishi mchanga huyadharau kwa kudhani kuwa ulimwengu wa kubuni hauna wakwe. Umeandika kwamba Bakari anamposa Zuhura siku ya tatu. Msomaji wa Lamu au Unguja atamhukumu Bakari papo hapo, na Zuhura pia akijibu chochote, kwa sababu mjane yumo edani miezi minne na siku kumi, hata kama mji wako hauna msikiti wala kadhi. Siku tatu za kivuli nazo atazisoma kama siku za matanga, na kila kicheko humo ndani kitamkera. Una njia mbili. Ukitaka Bakari ashukiwe, hongera, umepata dokezo la kupotosha bila gharama. Kama hukutaka, onyesha mapema kwamba mji huu una desturi nyingine, au sogeza posa hiyo mbele. Kubisha kwamba "huku ni kwenye fantasia" hakusaidii, kwani msomaji huingia kwenye ulimwengu wako akiwa na malezi yake yote.

"Natamani ingekuwa ndefu zaidi" ni sifa na lawama kwa sauti moja. Muulize alitaka zaidi wapi. Akisema kwenye mji, kwenye maisha ya vivuli, ichukue kuwa sifa na usiongeze neno. Akisema mwishoni, ufichuzi umekimbizwa. Hadithi yenye nyuzi tatu ina miisho mitatu, na wengi hulipa mmoja kikamilifu na mingine miwili kwa mkopo. Angalia kama unaweza kuilipa yote kwa pamoja. Mikono ya kivuli ikieleweka, Idi amepatikana, Salimu amesafishwa na sheria ya uchawi imefanya kazi yake, yote katika ukurasa mmoja. Mwanaidi akibaki tena na sura mbili za kuamua kama atampenda, wasomaji watakuwa wameshavaa viatu.

Mapendekezo yao

Mbali na waliyohisi, watakuletea na tiba: muuaji awe Mzee Faki, Mwanaidi aolewe, kivuli kiseme angalau neno moja. Andika mapendekezo hayo pembeni, tofauti na ushuhuda, na utafute maumivu yaliyoyazaa. Anayetaka kivuli kiseme pengine hakuielewa mikono. Anayetaka Mzee Faki awe muuaji huenda amemwona ana nguvu kubwa isiyotumika.

Conan Doyle alimuua Sherlock Holmes mwaka 1893, na wasomaji wengi wakaghadhibika. Walichodai ni Holmes afufuke. Mwaka 1901 alipoanza kutoa The Hound of the Baskervilles kwenye jarida la The Strand, aliwapa Holmes bila kumfufua. Kisa hicho kilieleweka kuwa cha siku za kabla ya kifo. Ni mwaka 1903 ndipo alipomrudisha hai. Njaa yao aliisikia, chakula alikichagua mwenyewe.

Ukishamaliza kurekebisha, wafungulie wale watatu wa akiba, kwa vituo vilevile na maswali yaleyale, ili ulinganishe. Kazi moja tu imebaki kwa kundi la kwanza, na wao peke yao ndio wanaoiweza kwa kuwa wameshaharibika: mpe mmoja wao rasimu mpya, aisome akijua kuwa ni Idi, na akunje pembe ya kila ukurasa ambapo Idi anajitoa. Pembe zikiwa hazifiki tatu, umemficha mno. Zikizidi kumi, wale wa akiba nao watamkamata, kwa hiyo chukua mkasi kabla hujawatumia.